Sinia la Pilau Halifuti Kazi ya Miezi Sita

Kuanzia katikati ya Desemba, magari yanayopanda milima ya Usambara kutoka Mombo hujaa kupita kiasi. Wanaorudi nyumbani wametoka Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Arusha, na mizigo yao inaeleza safari yenyewe: mfuko wa mchele, dumu la mafuta ya kula, sukari, nguo mpya za watoto. Barabara inapita Soni, inafika Lushoto mjini, halafu anayekwenda Mtae ana safari nyingine ya saa kadhaa ya kona na matope, mpaka ukingo wa milima, ambako kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Upande mmoja ardhi inakatika ghafla hadi tambarare za Mkomazi. Kukiwa hakuna ukungu, Kilimanjaro inaonekana.

Katika magari hayo, miaka hii, yumo abiria mwenye wasiwasi ambao bibi yake hakuwahi kuujua. Tumchukulie mama wa mfano, wa miaka 42, mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Mwezi Juni alipimwa shinikizo la damu likakutwa juu, daktari akamshauri apunguze uzito. Ameacha chapati za asubuhi, anatembea kila jioni, na kufikia Desemba amepungua kilo saba. Sasa anakwenda nyumbani Mtae kwa siku kumi. Anajua kuna mbuzi wa Krismasi, kuna pilau, kuna kreti ya soda chini ya meza, na kuna shangazi anayepakua chakula kwa mkono mzito. Na kwa kuwa Lushoto ni wilaya ya Waislamu na Wakristo wanaoishi ukuta kwa ukuta, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, sikukuu zake hazina msimu mmoja. Akimaliza Krismasi, Idd mbili zinamsubiri.

Hofu yake si ya kubuni. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kukuta kwamba watu wazima wenye kisukari hawakufika hata 1%. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulipima watu wa miaka 25 hadi 64, wa mijini na wa vijijini, ukakuta kisukari kwa takribani 9% na shinikizo la juu la damu kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne. Vipimo na maeneo ya tafiti hizo mbili havikuwa sawa, kwa hiyo namba hazilinganishwi moja kwa moja, lakini hakuna mhudumu wa afya atakayebisha kwamba hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Anayepunguza uzito kwa ushauri wa daktari anafanya kazi ya maana, na ana haki ya kuilinda.

Tatizo ni namna anavyoilinda.

Wengi huanza kwa kujinyima. Asubuhi ya sikukuu mama wetu anakunywa chai ya rangi tupu, anasema anaweka nafasi ya mchana. Saa nne anasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, saa sita bado hajala, saa nane ndipo sinia linatua mbele yake. Hapo njaa imeshashika usukani. Anakula haraka, anamaliza sahani kabla tumbo halijapata muda wa kuuarifu ubongo kwamba chakula kimefika, kazi inayochukua kama dakika 20. Kisha linakuja jambo la pili, na hili ndilo baya zaidi: anajilaumu. Anaona ameshaharibu. Na aliyekwisha kuharibu, anajiambia, haoni sababu ya kukataa maandazi ya jioni, wala kiporo cha kesho, wala keki ya Mwaka Mpya. Potelea mbali, ataanza upya Januari.

Tabia hii imechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Marekani. Wengine walipewa kinywaji kizito cha maziwa na sukari, wengine hawakupewa, kisha wote wakawekewa aiskrimu na kuambiwa waionje kadiri wapendavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujizuia kula walifanya kama unavyotarajia: waliokwisha kunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo. Lakini waliozoea kujibana walifanya kinyume chake. Wao, baada ya kunywa maziwa, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wenye mazoea hayohayo ambao hawakunywa kitu. Herman aliendelea na utafiti huo kwa miaka mingi akiwa na Janet Polivy katika Chuo Kikuu cha Toronto, na hoja yao kuu ni kwamba mtu anayejiwekea mstari mkali kichwani, akiuvuka kidogo tu huuacha kabisa. Kilichowaponza hakikuwa ukubwa wa glasi ya maziwa. Ni imani kwamba siku imeshaharibika.

Kwa hiyo inafaa kuuliza: sahani ya sikukuu inaharibu nini hasa? Jibu limo ndani ya sufuria, na linahesabika.

Chukua pilau ya watu wanane. Mchele mkavu kilo moja una nishati ya takribani kalori 3,600. Mafuta robo lita, kiasi ambacho wapishi wengi wa shughuli hukimimina bila kupima, yana kama kalori 2,000. Nyama ya ng'ombe kilo moja, yenye mafuta ya wastani, inaongeza kama 2,000 nyingine. Vitunguu, viazi na viungo tuviache. Sufuria nzima ina kalori kama 7,600, na sahani moja iliyojaa ina kama 950. Hiyo ni karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mwanamke wa kawaida, ambayo ni kama kalori 2,000. Sahani hiyo si nyepesi, na hakuna haja ya kudanganyana juu yake.

Sasa weka pembeni namba nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takribani kalori 7,700. Maana yake ni kwamba ili mama wetu aongeze kilo moja ya mafuta halisi kwa siku ya Krismasi, ingembidi aile sufuria yote ya watu wanane peke yake, tena juu ya chakula chake cha kawaida cha siku hiyo. Hakuna anayeweza. Akila sahani mbili zilizojaa, akashushia soda, na akawa amekunywa chai asubuhi kama kawaida, huenda amezidisha kalori 1,000 hivi. Kwa mafuta ya mwilini hizo ni gramu kama 130. Kilo saba alizozitoa kwa miezi sita ni gramu 7,000.

Ila mzani wa tarehe 26 au 27 hausemi hivyo, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo. Mtu anapanda, anakuta kilo mbili zimerudi. Zimetoka wapi, kama mafuta hayajaongezeka hata robo kilo? Sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi sukari katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na kama gramu tatu za maji. Mtu aliyepunguza wali, ugali na chapati kwa miezi amekuwa akiishi na ghala lisilojaa. Akila wanga mwingi kwa siku moja, ghala hujaa na maji yake. Chumvi ya nyama, ya supu na ya kachumbari nayo huvuta maji zaidi. Kisha kuna chakula chenyewe ambacho bado kiko njiani tumboni. Akirudi kwenye ulaji wake wa kawaida, uzito huo huondoka wenyewe ndani ya siku chache. Asiyejua hili huiona kazi yake yote imepotea, na anayeiona imepotea huiacha.

Je, basi sikukuu haina madhara? Inayo, lakini yako mahali pengine, si pale watu wanapopaogopa. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima 195 huko Marekani. Kati ya sikukuu yao ya Novemba na Mwaka Mpya waliongezeka kwa wastani gramu 370 tu, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka mara nne ya hapo. Lakini watafiti waliona jambo lingine: uzito huo mdogo haukupungua miezi iliyofuata. Gramu 370 zinazobaki kila mwaka, kwa miaka kumi ni karibu kilo nne. Unene wa watu wengi wenye umri wa kati huingia hivyo, polepole, bila siku moja ya kuikumbuka.

Anayeijua Mtae wakati wa sikukuu anajua hizo gramu zinapita mlango gani. Hazipiti sana kwenye sinia la saa nane. Zinapita kwenye kutembeleana. Kijiji kimejipanga kwenye mgongo wa mlima, nyumba zinafuatana, na aliyetoka mjini hawezi kupita mlango wa baba mdogo, wa mama mkubwa, wa rafiki wa shule, wa mzee wa kanisa au wa ustadhi bila kuingia. Kila anapoingia anafunguliwa soda, maana soda ndiyo heshima ya mgeni. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Nyumba nne kwa siku ni sukari gramu 150 na kalori karibu 600, na hakuna aliyeshiba kwa hizo. Fanya hivyo kuanzia mkesha wa Krismasi hadi tarehe 2 Januari, uone. Pilau ililiwa mara moja. Soda ziliendelea siku kumi.

Njia ya pili ni kiporo, na ya tatu ni vitu vya chai: maandazi, chapati, sambusa, kaimati wakati wa Idd. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120, na andazi hunyonya mafuta bila mtu kuyaona. Vitu hivi havihesabiwi kuwa chakula. Ni "vya kuchangamshia mdomo."

Kuyajua haya kunarahisisha mambo, kwa sababu sinia la familia ndicho kitu kigumu zaidi kukataa Usambara, na bahati nzuri ndicho chenye sababu ndogo zaidi ya kukataliwa. Katika milima hii nyama ya kugawana ina historia ndefu. Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy mwishoni mwa karne ya 19, kinasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alivyopokewa na Washambaa. Aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Utawala wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha, uliokuwa na makao yake Vuga ulianzia kwenye kubadilishana huko, na mwanahistoria Steven Feierman, aliyeitafiti Usambara kwa miaka mingi, aliandika jinsi mfalme wa Washambaa alivyopimwa kwa shibe ya nchi: mvua ikinyesha na chakula kikipatikana, nchi imeponywa. Ukame na njaa ya mwaka 1898 na 1899 viliipiga sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na wazee wa leo ni wajukuu na vitukuu wa watu waliouvuka wakati huo. Bibi anayeongeza kijiko kwenye sahani ya mjukuu wake anafanya jambo zito kuliko kulisha tumbo.

Vilevile, hapa kukonda hakukuwa habari njema kwa muda mrefu. Miaka ya 1980, ugonjwa mpya, UKIMWI, ulipoanza kuua watu kandokando ya Ziwa Viktoria, Waganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu, na jarida la Lancet likaandika juu yake kwa jina hilohilo mwaka 1985. Waliokuwa vijana wakati huo sasa ndio wazazi na mashangazi wa Mtae. Wamezika jamaa waliokonda. Kwa hiyo mama wetu akishuka garini akiwa amepungua kilo saba, mtu asishangae mama yake akimshika mkono na kusema, "Mwanangu, mbona umekwisha hivi? Mjini hamli?" Kaka yake, kama naye amepungua, atasikia wazee wakimwita pembeni: "Mgoshi, unaumwa?" Maneno haya yanauma, hasa kwa mtu aliyetarajia pongezi. Yametoka kwenye upendo na kumbukumbu mbaya, na yanajibika kwa ukweli mfupi: "Mama, presha ilipanda. Daktari alisema nipungue, nimepungua, sasa imeshuka." Karibu kila ukoo umemuuguza mtu aliyepooza kwa kiharusi, kwa hiyo neno presha linaeleweka haraka. Neno dayati, kwa mzee wa kijijini, linasikika kama kudharau chakula chake.

Na kujibu hivyo mapema, siku ya kwanza, kabla sahani hazijapakuliwa, ni bora mara kumi kuliko kubishana mezani mbele ya wageni.

Kwenye kula kwenyewe, jambo la kwanza ni kifungua kinywa. Siku ya sikukuu ndiyo siku ambayo hakifai kurukwa. Mayai mawili, au maharage na kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, na chai isiyojaa sukari, vinamfikisha mtu saa nane akiwa na njaa ya kawaida, yenye adabu. Maharage na mayai yana protini, na protini hukaa tumboni na kutuliza njaa kuliko andazi lenye nishati ileile.

Halafu kuna mboga. Lushoto ndiyo inayolisha masoko ya Dar es Salaam kabichi, karoti, hoho na nyanya. Malori hushuka nazo kila siku. Lakini mezani siku ya sikukuu mboga za milima hiyohiyo hupungua zikabaki kachumbari ya pembeni, kana kwamba mboga ni chakula cha siku za shida. Ni hasara kubwa, na mgeni wa kutoka mjini ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuiondoa. Akiingia jikoni na kusema, "Mama mdogo, leo nina hamu na mchunga, na mnavu wa nazi, mjini hatuupati kama huu," hakuna atakayemwona anakataa chakula. Ataonekana amekumbuka nyumbani. Sahani ikishakuwa na mboga nusu, wali hauwezi kuwa mlima.

Anayetaka kupunguza kiasi bila maneno, asaidie kupakua. Anayepakua hujipakulia mwenyewe. Kwenye sinia la pamoja, ambalo Waislamu wengi bado wanalila siku ya Idd, hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Anayekula taratibu huku akizungumza hula kidogo na hakuna anayejua. Mafundisho ya Mtume kuhusu kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, yanajulikana kwa kila mtoto aliyepita madrasa, na mzee yeyote anayesikia mtu akiyataja atamwachia. Nyongeza ikiletwa kwa nguvu, ipo njia ya heshima isiyohitaji uongo: "Shangazi, nimeshiba kweli, nifungie nitakula jioni." Chakula kimepokelewa. Kitaliwa na nani jioni ni jambo la watoto wa nyumba ile.

Soda ndipo pa kusimama imara, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Akiwahi kuomba kabla haijafunguliwa, "Naomba maji, au chai isiyo na sukari, nimekunywa soda pale kwa baba mdogo," mwenyeji hana neno, maana heshima ya mgeni imeshatimizwa na jirani. Akichagua soda moja kwa siku, nyumba anayoipenda kuliko zote, aifurahie.

Mwili nao una nafasi yake Mtae, bila mtu kuingia kwenye jumba la mazoezi. Kushuka kwenda kwa jamaa walioko mabondeni na kupanda kurudi, kwa mwendo wa kuhema kidogo, kunaunguza kalori 300 hadi 400 kwa saa kwa mtu wa kilo 70. Mtu asitembee kwa kulipia dhambi ya sahani, kwa sababu anayetembea kwa adhabu huchoka mapema. Atembee kwa kuwa kuna shangazi upande wa pili wa bonde.

Kwamba hatua ndogo kama hizi zinatosha, kuna ushahidi wa kutia moyo. Watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwachukua watu wazima 272 kabla ya Krismasi za mwaka 2016 na 2017. Nusu walipewa kipeperushi tu cha maisha ya afya. Nusu waliombwa wajipime angalau mara mbili kwa wiki, wakapewa mawaidha machache ya kila siku kuhusu kula na kutembea, na maelezo ya muda wa mazoezi unaohitajika kuunguza vyakula vya sikukuu. Hakuna aliyekatazwa chakula cha Krismasi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalikuwa hivi: kundi la kipeperushi liliongezeka kwa wastani gramu 370, kundi la pili lilipungua gramu 130. Nusu kilo ya tofauti inaonekana ndogo, lakini ni ile nusu kilo ambayo watu hubaki nayo mwaka mzima. Mtae nyumba nyingi hazina mzani, na wala si lazima. Tundu la mkanda, au sketi iliyokuwa ikifunga vizuri Novemba, vinatosha kumkumbusha mtu kila baada ya siku tatu nne.

Wapo ambao ushauri huu hauwatoshi. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi asithubutu kushinda njaa asubuhi kwa ajili ya pilau ya mchana, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari, akaanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa kabla sinia halijafika. Aongee na daktari wake kabla ya kusafiri, abebe dawa za kutosha siku zote za likizo, maana kutoka Mtae hadi duka kubwa la dawa ni safari. Chai za kupunguza uzito zinazouzwa mitandaoni na mitaani, nyingi zenye sanamaki, nazo zinastahili kuachwa Dar es Salaam. Zinaharisha, mtu anapoteza maji na chumvi, mzani unashuka siku mbili, mafuta yako palepale. Na yule ambaye hofu imemfikisha kula kwa kujificha, kujitapisha baada ya kula, au kushindwa kukaa mezani na ndugu zake kabisa, huyo anaumwa, na anahitaji hospitali kama anavyohitaji mwenye homa. Wasichana wadogo waangaliwe zaidi, hasa nyumba ambazo watu wazima huzungumzia miili ya watoto mbele yao.

Hapo wenyeji wana sehemu yao. "Umenenepa!" na "Umekonda!" ni salamu za kawaida za sikukuu, zinatolewa mlangoni hata mzigo haujatuliwa. Zamani zilikuwa habari ya afya ya mtu. Leo, kwa binti wa miaka 15 mwenye simu, zinaingia mahali pengine kabisa, na hazimtoki kwa urahisi. Kuna salamu nyingi nzuri za kumpokea mtu aliyetoka mbali zisizogusa mwili wake.

Baada ya likizo, mama wetu akirudi mjini tarehe 3 Januari, asipande mzani tarehe 4. Ale kama alivyokuwa akila Novemba kwa wiki nzima, maji ya sikukuu yatoke, kisha apime asubuhi kabla ya chai. Akikuta nusu kilo imebaki, hiyo ndiyo ya kweli: kalori kama 3,850. Akipunguza kalori 270 kwa siku, sawa na soda moja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, itakuwa imekwisha kabla Januari haijaisha.